Kuandikishwa Si Kuridhia: Siri ya Mgonjwa Katika Faili la Kompyuta

  Mada ya leo ni faili la mgonjwa. Halikusudiwi hapa lile jalada la kadibodi lililokuwa likipangwa rafuni kwa herufi za alfabeti, bali lile lililomo ndani ya kompyuta, ambalo daktari wa Jeddah anaweza kulifungua asubuhi na daktari wa Riyadh akalisoma alasiri. Mazungumzo yatahusu mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana: kumwandikisha mgonjwa katika mpango wa huduma, na kuipata ridhaa yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii imetumika vizazi kwa vizazi kumhimiza mgonjwa aseme. Hata hivyo, kila siri ina watu wawili: aliyeitoa na aliyeipokea. Mgonjwa akishamweleza tabibu yanayomsumbua, huwa amemkabidhi amana. Zamani amana hiyo ilikaa katika kifua cha tabibu mmoja na katika jalada moja. Leo inakaa katika mfumo unaoweza kufunguliwa na karani wa mapokezi, muuguzi, mfamasia, fundi wa maabara, shirika la bima na mtaalamu wa kompyuta ambaye mgonjwa hatamwona maishani mwake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Swali la zama hizi ni kata ngapi zinazoruhusiwa kuingia mtungini, na ni nani aliyeziruhusu.

Swali hilo haliko mbali na wasikilizaji wanaoishi Kandara. Kandara ni mtaa wa Jeddah ulio jirani na mji wa kale wa Al-Balad. Upande huo ndiko kulikokuwa na uwanja wa ndege wa zamani, uliotumika hadi ulipofunguliwa Uwanja wa Kimataifa wa Mfalme Abdulaziz mwaka 1981. Katika miaka ya 2000 magazeti ya Jeddah yaliandika mara kwa mara kuhusu daraja la Kandara, ambapo wageni waliopitisha muda wa viza, wakiwemo walioingia kwa ajili ya Umra, walikusanyika wakingoja kukamatwa ili warejeshwe makwao. Kwa mtu anayeishi ugenini katika mtaa kama huo, karatasi ni maisha. Pasipoti, ikama, mkataba wa kazi na kadi ya bima ndivyo vinavyomtenga na daraja lile. Kwa hiyo anapoulizwa hospitalini jina lake, namba yake ya ikama na namba yake ya simu, huanza kujiuliza moyoni: je, majibu haya yatafika wapi?

Ili kulijibu swali hilo, ni vyema kwanza kufahamu jinsi faili la kompyuta linavyofanya kazi. Mgonjwa anapofika hospitalini kwa mara ya kwanza, husajiliwa. Usajili huo ni utambulisho tu: jina, umri, jinsia na namba. Akionekana kuwa na ugonjwa unaohitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu, kama vile kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi, au akiwa ni mama mjamzito, huandikishwa katika mpango maalumu wa huduma. Hapo kompyuta hufungua ukurasa mwingine ndani ya faili lile lile. Ukurasa huo una tarehe ya kuingia katika mpango, hatua aliyofikia mgonjwa, na nafasi ya tarehe ya kutoka, pamoja na sababu: amepona, amehamia kituo kingine, amepotea, au amefariki dunia.

Huenda msikilizaji akadhani kwamba mambo haya yote yalibuniwa Ulaya na Marekani, kisha yakaletwa Afrika yakiwa yamekamilika. Sivyo. Mojawapo ya chemchemi zake iko Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani karibu na Eldoret, nchini Kenya. Mwaka 2001 kituo hicho kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakati ambapo vituo vingi vya mashambani barani Afrika vilikuwa na daftari na kalamu tu. Kadiri wagonjwa wa Ukimwi walivyoongezeka katika eneo la Eldoret, mfumo huo wa kwanza ulizidiwa. Mwaka 2004 wataalamu waliokuwa wakishirikiana na Eldoret walianza kuunda mfumo mpya uitwao OpenMRS, ambao mtu yeyote duniani anaweza kuutumia bila ya malipo na kuurekebisha apendavyo. Ulianza kutumika Kenya na Rwanda mwaka 2006. Mfumo wa KenyaEMR, unaotumika katika vituo vingi vya serikali ya Kenya, umejengwa juu ya msingi huo, na vivyo hivyo ule wa Uganda.

Faida ya kumwandikisha mgonjwa katika mpango haina shaka. Mgonjwa wa kifua kikuu anatakiwa kumeza dawa kwa muda wa miezi sita au zaidi. Akiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi hutumia dawa maisha yake yote. Muuguzi aliye na daftari la wagonjwa 2,000 hawezi kujua kwa kichwa ni nani hakuja wiki hii. Kompyuta hujua. Humtolea muuguzi orodha ya waliokosa miadi, naye huwapigia simu au humtuma mhudumu wa afya ya jamii awatembelee. Watu wengi wako hai leo kwa sababu kulikuwa na orodha, na kulikuwa na mtu aliyeisoma.

Lakini orodha hiyo hiyo ina makali pande zote mbili. Mara nyingi jina la mpango ndilo jina la ugonjwa. Karani asiyeruhusiwa kuona majibu ya maabara anaweza kuona kwamba mtu fulani ameandikishwa katika mpango wa virusi vya Ukimwi, na hapo hana haja tena ya majibu ya maabara. Ndiyo maana watengenezaji makini wa mifumo hii huutazama ukurasa wa mpango kuwa ni siri sawa na majibu yenyewe, na huuwekea kufuli yake.

Kutokana na hayo, neno ridhaa linahitaji kufafanuliwa. Mara nyingi mgonjwa hupewa karatasi moja, akaambiwa: tia sahihi hapa. Kumbe ndani ya karatasi hiyo moja mna ridhaa nne zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni ridhaa ya kutibiwa: kuchomwa sindano, kutolewa damu, kufanyiwa upasuaji. Ya pili ni ridhaa ya kuingia katika mpango wa huduma, yaani kufuatiliwa, kupigiwa simu na kutembelewa nyumbani. Ya tatu ni ridhaa ya taarifa zake kupelekwa nje ya hospitali iliyomtibu, kwa mfano kwa shirika la bima au kwa kituo kingine. Ya nne ni ridhaa ya taarifa hizo kutumiwa katika utafiti. Mtu anaweza kukubali ya kwanza na ya pili, akakataa ya nne, na akaiwekea mipaka ya tatu. Mfumo wenye kisanduku kimoja tu cha ndiyo na hapana unamnyang'anya haki ya kupambanua, na ule ambao kisanduku chake kimekwisha kutiwa alama ya ndiyo kabla mgonjwa hajafika haukumwuliza kitu.

Tofauti kati ya kuandikishwa na kuridhia ilijitokeza waziwazi nchini Kenya mwaka 2015. Tarehe 23 Februari mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba zikusanywe taarifa za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na walezi wao, na za kina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi hivyo. Nia iliyoelezwa ilikuwa njema: serikali ijue wahitaji ni wangapi na wako wapi, ili iwafikishie huduma. Lakini taarifa zilizotakiwa zilikuwa na majina. Shirika la KELIN, linaloshughulikia sheria na masuala ya afya, pamoja na walalamikaji wengine, lilikwenda Mahakama Kuu mjini Nairobi. Mwezi Disemba mwaka 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha iliyomo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya, na pia kifungu cha 53 kinachotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Watoto wale walikuwa wameridhia, wao au walezi wao, kupimwa na kutibiwa. Hawakuridhia majina yao yatoke kliniki yakaingia katika orodha ya serikali.

Baada ya hapo sheria zilianza kufuatana katika Afrika Mashariki. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya inasema kuwa taarifa za afya zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au mtu aliyefungwa na kiapo au sheria ya kutunza siri. Aidha, inamtwika mzigo wa ushahidi yule anayedai kuwa alipewa ridhaa. Yaani hospitali ndiyo itakayothibitisha kwamba mgonjwa alikubali. Mgonjwa halazimiki kuthibitisha kwamba alikataa.

Mjadala huo uliibuka upya mwezi Disemba mwaka 2025, Kenya ilipotia saini na Marekani makubaliano ya ushirikiano wa afya ambayo ndani yake mlikuwa na suala la kupeana taarifa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu inayohusu kuhamishwa kwa taarifa za afya za wananchi, baada ya chama cha kutetea watumiaji bidhaa kufungua kesi. Swali lililokuwa mbele ya mahakama lilikuwa lile lile la Mosoriot na la Kandara: mtu aliyetoa siri yake ili atibiwe, je, ameitoa pia kwa wengine wote?

Ama kuhusu Saudi Arabia, hali imebadilika kwa kasi kubwa katika muda mfupi. Wizara ya Afya ina programu ya simu iitwayo Sehhaty, ambayo wakati wa janga la korona ndiyo iliyotumiwa na mamilioni ya raia na wakazi kupanga miadi ya chanjo kuanzia Disemba mwaka 2020. Humo mtu huona miadi yake, dawa alizoandikiwa na majibu ya vipimo. Hospitali na mashirika ya bima nayo yameunganishwa na jukwaa la taifa lijulikanalo kwa jina la NPHIES, ambako maombi ya kibali cha matibabu na madai ya malipo hupita kwa kompyuta badala ya karatasi. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka 2024, bima ya afya ilifanywa kuwa ya lazima pia kwa wafanyakazi wa majumbani, pale ambapo mwajiri ana wafanyakazi zaidi ya 4. Kwa maneno mengine, wapishi, madereva na wayaya ambao zamani hawakuwa na faili lolote sasa wanaanza kuwa nalo.

Sambamba na hayo, Ufalme ulitoa Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi kwa Amri ya Kifalme ya mwezi Septemba mwaka 2021. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 14 Septemba mwaka huo, na taasisi zikapewa muda wa mwaka mmoja kujirekebisha, hadi tarehe 14 Septemba mwaka 2024. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Saudia ya Data na Akili Bandia. Sheria inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Inampa mwenye taarifa haki ya kujua kwa nini zinakusanywa, haki ya kuziona na kupata nakala yake, haki ya kuomba zisahihishwe, na haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Inataka pia wanaoruhusiwa kuziona taarifa za afya wawe wachache kadiri inavyowezekana. Anayefichua taarifa nyeti kwa nia ya kumdhuru mwenyewe au kujipatia manufaa anaweza kufungwa jela hadi miaka 2, au kutozwa faini hadi riyali milioni 3, au vyote viwili.

Kabla ya sheria hiyo ilikuwapo nyingine, inayohusu kazi za watoa huduma za afya, iliyotolewa mwaka 2005. Sheria hiyo yaeleza kwamba mgonjwa hafanyiwi tiba bila ya ridhaa yake, au ya mwakilishi wake ikiwa yeye mwenyewe ridhaa yake haizingatiwi kisheria, isipokuwa katika hali ya dharura. Yaeleza pia kwamba daktari hatoi siri ya mgonjwa ila katika hali zilizotajwa: kutoa taarifa ya ugonjwa wa kuambukiza kwa mamlaka inayohusika, kuzuia uhalifu au kuripoti kifo kilichotokana na jinai, kujitetea mbele ya mashtaka, amri ya mahakama, ridhaa ya maandishi ya mgonjwa mwenyewe, au kuwaeleza jamaa zake pale inapofaa kwa matibabu yake. Msikilizaji na aitazame tena orodha hiyo. Mahakama imo, mamlaka ya afya imo, jamaa wamo. Kafili, kwa cheo chake cha ukafili, hamo.

Hapa ndipo sheria inapokutana na maisha ya kila siku. Chukulia mfano wa mfanyakazi wa nyumbani kutoka Tanga au Mombasa anayefikishwa kliniki na mwajiri wake. Fomu ya ridhaa ni ya Kiarabu na Kiingereza, naye anasoma Kiswahili. Anayefasiri ni mwajiri. Namba ya simu inayoandikwa katika faili ni ya mwajiri, kwa kuwa ndiye aliyempa laini au ndiye anayelipia. Daktari anagundua kwamba ana kisukari, anamwandikisha katika mpango wa wagonjwa wa kisukari, na kompyuta, kwa utiifu wake, inaanza kutuma ujumbe wa kukumbusha miadi. Ujumbe unaingia katika simu ya mwajiri. Hakuna mdukuzi aliyevunja mfumo, wala karani aliyeuza siri. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na siri imetoka.

Kisukari ni ugonjwa ambao mwajiri mwenye huruma anaweza kuuchukulia kuwa ni jambo la kawaida. Lakini badilisha jina la ugonjwa, au weka mahali pake habari ya ujauzito au ya maradhi ya akili, na mfano ule ule unaweza kuishia uwanja wa ndege. Kosa hilo haliondolewi na neno la siri gumu. Linaondolewa na swali dogo linaloulizwa dirishani: namba hii ni ya nani, na je, tukituma ujumbe, wewe ndiye utakayeusoma? Linaondolewa pia na mkalimani asiyekuwa mwajiri, hata kama ni kwa njia ya simu, na kwa ujumbe usiotaja ugonjwa wala jina la kliniki bali siku na saa tu.

Ni muhimu vilevile kutenganisha vipimo vya kibali na matibabu. Mgeni anayekuja kufanya kazi Saudi Arabia hupimwa kwao kabla ya kuondoka, na hupimwa tena anapotafuta ikama. Miongoni mwa yanayopimwa ni kifua kikuu, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Vipimo hivyo ni sharti la ukaazi, na majibu yake yanakusudiwa tangu mwanzo kwenda kwa mamlaka. Anayepimwa hana hiari ya kukataa na bado akapata kibali, na itakuwa ni kujidanganya kuiita sahihi yake ridhaa. Tatizo hutokea mtu anapodhani kwamba kila kipimo ni cha namna hiyo. Akiumwa kifua na kutokwa na jasho usiku, hukaa chumbani Kandara akinunua dawa za kikohozi dukani, kwa kuwa anaamini kwamba mlango wa hospitali na mlango wa idara ya pasipoti ni mmoja. Anadhoofika, na huenda anawaambukiza wenzake 6 wanaolala naye chumba kimoja. Hofu ya faili imegeuka kuwa hatari ya afya kwa mtaa mzima. Ndiyo maana kulinda siri ya mgonjwa hakupingani na kuilinda jamii. Mtu asiyeamini kwamba siri yake italindwa haji, na asiyekuja hatibiwi.

Nchi tajiri nazo zimeonja matunda ya kupuuza jambo hili. Uingereza ilibuni mpango ulioitwa care.data, wa kukusanya pamoja taarifa kutoka katika mafaili ya madaktari wa familia. Mwanzoni mwa mwaka 2014 vipeperushi vilisambazwa katika nyumba zipatazo milioni 26, vikieleza kwamba asiyetaka amjulishe daktari wake. Watu wengi walisema hawakuviona, au hawakuvielewa, na wengine waliuliza kama mashirika ya kibiashara yatapata taarifa hizo. Mpango ulisimamishwa mwezi Februari mwaka huo huo, na mwezi Julai mwaka 2016 ukafutwa kabisa. Huko Australia, faili la afya la taifa lilifunguliwa kwa kila mtu isipokuwa aliyekataa kabla ya tarehe 31 Januari 2019, na watu zaidi ya milioni 2.5 walikataa. Funzo lake ni kwamba ukimya wa mtu hauhesabiwi kuwa ni ridhaa ati kwa sababu kipeperushi kilitiwa mlangoni pake.

Kwa upande mwingine, uko mfano unaotia moyo, na uko karibu na Jeddah. Katika Hija ya mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani na Saudi Arabia zilifanya majaribio ya kadi ya afya ya kielektroniki kwa mahujaji kutoka Indonesia, Malaysia na Oman. Mahujaji zaidi ya 250,000 walitumia kadi hiyo, iliyobeba muhtasari tu wa afya ya mtu, kama vile maradhi aliyonayo, dawa anazotumia, vitu vinavyomdhuru na chanjo alizopata. Mzee aliyezidiwa na joto Mina na asiyejua Kiarabu anaweza kuhudumiwa na daktari ambaye tayari anajua kwamba ana maradhi ya moyo. Uzuri wa mfano huu uko katika kipimo chake: haukuhitaji faili zima la maisha ya hujaji lihame kutoka Jakarta au Muscat hadi Makka. Kilihama kile tu kinachohitajika, kwa safari moja, kwa kazi moja.

Basi faili zuri la kielektroniki linapaswa kuandika nini kuhusu ridhaa? Kwanza, ni nani aliyeridhia: mgonjwa mwenyewe, au mlezi wake. Pili, aliridhia nini hasa miongoni mwa zile nne. Tatu, ni lini, na kwa lugha gani alielezwa, na nani alifasiri. Nne, ridhaa hiyo itadumu hadi lini. Tano, kama ameiondoa, aliiondoa tarehe ngapi. Mgonjwa anapotoka katika mpango, ukurasa hufungwa kwa tarehe na haufutwi, kwa kuwa daktari wa kesho anahitaji kujua dawa alizokwisha kupewa. Lakini tangu siku hiyo simu hukoma kupigwa, na ujumbe hukoma kutumwa. Na mtoto aliyeandikishwa kwa ridhaa ya mama yake anapofikia utu uzima, mfumo umkumbushe muuguzi kwamba sasa wa kuulizwa ni mwingine.

Kuna pia hali ya dharura. Mtu aliyeletwa akiwa hana fahamu baada ya ajali katika barabara ya Makka hawezi kuulizwa chochote. Mifumo mingi huwa na mlango wa dharura: daktari huruhusiwa kulifungua faili lililofungwa, lakini kwanza hutakiwa kuandika sababu, na kompyuta huandika jina lake, siku na saa. Nyayo hizo hazifutiki. Mlango wa dharura ni wa lazima, na nyayo zake ni za lazima vilevile, maana mlango usioacha nyayo ni ukuta uliotobolewa.

Msikilizaji aliyeko Kandara, Riyadh au popote pale anaweza kujiuliza afanye nini. Jambo la kwanza ni kumiliki namba yake ya simu katika faili lake, hata kama ni simu ndogo ya bei nafuu. La pili ni kuuliza kabla ya kutia sahihi: karatasi hii ni ya kutibiwa, ya kufuatiliwa, ya kupeleka taarifa zangu nje, au ya utafiti? La tatu ni kuomba mkalimani, na kusema kwa adabu kwamba angependa kuzungumza na daktari faragha. La nne ni kuomba nakala ya taarifa zake, hasa anapokaribia kurejea nyumbani, ili daktari wa Tanga au Mombasa asianze upya kutoka sifuri. Mambo hayo manne si fadhila anayoomba. Haki ya kujua kwa nini taarifa zake zinakusanywa na ya kupata nakala yake imo katika sheria ya Saudia iliyotajwa humu.

Nao watoa huduma wana lao la kufanya. Karani wa mapokezi, ambaye mara nyingi husahauliwa katika semina na mafunzo, ndiye anayeshika ufunguo wa kwanza. Akiuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Wewe ni wa kliniki ya Ukimwi?", kufuli zote za kompyuta zimekuwa bure. Teknolojia haiwezi kutunza siri ambayo ulimi umeshaitoa.

Wapenzi wasikilizaji, katika mafundisho ya dini na katika mila za watu wa pwani, amana hurejeshwa kwa mwenyewe, na haitumiwi ila kwa kazi aliyoitajia. Mtu akiwekewa fedha ili azifikishe Lamu, hazifanyii biashara njiani, hata kama biashara hiyo ingekuwa na faida kwa wote. Taarifa ya mgonjwa ni amana ya namna hiyo hiyo. Kompyuta imeongeza idadi ya mikono inayoipitisha, lakini mwenyewe ni yule yule aliyekaa kwenye benchi akisubiri jina lake liitwe, na yeye ndiye wa kuulizwa.